Iringa hadi Washington na Mama: kilomita zilezile, saa tofauti

Kabla hatujakata tiketi Mama aliniuliza kwa mdogo wangu ni mbali kiasi gani. Nikafungua simu, nikamsomea: kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Dulles, Washington, ukinyoosha mstari ni kama kilomita 12,780. Akaniangalia. "Kilomita sijakuuliza, mwanangu. Nauliza tutakaa njiani muda gani."

Sikuwa na jibu la uhakika, kwa hiyo nilibeba daftari. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, nikisaidiwa na daftari hilo na picha za kwenye simu, ambazo zina saa zake. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na hakuwa amewahi kupanda ndege. Mdogo wangu anaishi Silver Spring, Maryland, jirani na Washington, mwaka wa tisa sasa, na shemeji yetu alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Mama hakutaka kumjulia mjukuu kwenye video.

Saa zote humu ni za Kiswahili na za mahali tulipokuwa, isipokuwa nikisema vingine.

Jumanne, 15 Oktoba 2024. Iringa – Dar es Salaam

Basi liliondoka stendi ya Igumbilo saa 12 kamili asubuhi, nauli 35,000 kila mmoja. Baridi ya Iringa mnaijua. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta na mapajani ana mfuko wa nyuzi za sufu, rangi ya maziwa na kijani. Alikuwa anamfumia mtoto sweta. Mgongo na kifua vilikuwa tayari, ilibaki mikono.

Ilula tulipita bila kusimama, nyanya zimepangwa kwenye matenga pembeni ya barabara. Mlima Kitonga ndio uliotushika. Lori lililokuwa linapanda na shehena ya saruji lilishindwa kwenye kona, likakaa mlalo, na pande zote mbili za barabara zikafunga. Dereva wetu alizima injini saa 1:50. Tukashuka. Abiria wengine walikwenda kutazama, na wakarudi na habari zinazopishana.

Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alimwona Mama anaegemea basi, akamletea kigoda chake mwenyewe. "Kamwene, mama. Kaa hapa, jua halijawa kali." Yeye akaendelea kupepea mkaa akiwa amechuchumaa. Nilinunua mahindi manne ili nimuungishe, na alipotaka kurudisha chenji nikamwambia abaki nayo, akakataa, akaongeza hindi la tano. Mama alikaa kwenye kigoda hicho saa 2 na robo, anafuma.

Lori liliondolewa saa 4 na dakika 5. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu kwa ajili ya mwenyeji wetu wa Dar, tukavuka hifadhi ya Mikumi taratibu (twiga watatu, na nyani wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu), kisha Morogoro, Chalinze, Kibaha. Kutoka Chalinze kuja mbele hakuna cha kusimulia zaidi ya foleni.

Tuliingia stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 12:10 jioni. Kama kilomita 500, saa 12. Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Anayetoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kupanda ndege asipange basi na ndege siku moja. Lori moja tu Kitonga linatosha kukukosesha safari yenye thamani ya mamilioni. Na kama kituo chako ni uwanja wa ndege, usiende mjini: kutoka Mbezi pita barabara ya Kinyerezi hadi Ukonga, ulale huko. Sisi tulilala kwa binamu yangu Ukonga. Teksi ilitutoza 25,000.

Jumatano, 16 Oktoba. Dar – Addis Ababa

Ndege yetu ilikuwa ya saa 11:20 jioni. Kwenye tiketi imeandikwa 17:20, na hapa nina neno na wenzangu wanaosafiri mara ya kwanza. Saa za tiketi zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ikiandikwa 02:30 ya tarehe 20, maana yake ni saa 8 na nusu za usiku unaoamkia tarehe 20, kwa hiyo unaondoka nyumbani tarehe 19 jioni. Binamu yangu ameshuhudia familia nzima ikifika uwanjani na mabegi siku moja baada ya ndege yao kuruka. Andika upya muda wako kwa Kiswahili kwenye karatasi, na jina la siku, kisha mwonyeshe mtu wa pili ahakiki.

Gharama kubwa nizitaje hapa zote. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa Sh 3,900,000 kila mmoja, tuliyokata miezi mitatu kabla. Ada ya viza ya matembezi ya Marekani ilikuwa dola 185 kwa mtu, na haina kurudishiwa hata ukinyimwa. Msaada wa kiti cha magurudumu kwa Mama haukuwa na gharama. Niliuomba siku ya kukata tiketi, nikakumbushia siku mbili kabla. Kwa mzee, hilo ndilo la kufanya kwanza kabla ya kuwaza mengine.

Jengo la Tatu la Abiria ni pana na lina hewa. Kijana aliyepangiwa kumsukuma Mama alianza na "Shikamoo bibi," akaitikiwa, na tangu hapo hadi mlango wa ndege walikuwa wanazungumza habari za Njombe kwao. Ndege ilipoanza kukimbia Mama alinishika mkono kwa nguvu, akafumba macho, akasali. Aliyafungua tuko juu ya mawingu. "Mbona tumesimama?" akauliza. Tulikuwa tunakwenda karibu kilomita 850 kwa saa.

Dar hadi Addis ni kama kilomita 1,760, karibu moja kwa moja kaskazini. Tulitumia saa 2 na dakika 50 kutoka mlango hadi mlango. Jana kilomita 500 zilikula saa 12. Nilipomwambia Mama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tusihesabu kwa kilomita." Akahesabu kwa sweta: mkono wa kushoto ulikuwa umefika kwenye kiwiko.

Addis tulipokelewa na dada wa Kihabeshi wa kitengo cha viti. Kiswahili hajui, Mama Kiingereza hajui. Mama akanyoosha kidole kwenye saa ya mkononi ya yule dada, akauliza kwa Kiswahili saa ngapi, akaonyeshwa. Mishale ilikuwa kwenye 2:10. "Saa mbili na dakika kumi," Mama akasoma kwa sauti, na ndivyo ilivyokuwa, saa 2:10 usiku. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, na majira yao ni yaleyale ya Afrika Mashariki. Mama alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Alikuwa ameambiwa kwamba akishatoka Tanzania saa zote zitageuka.

Kwenye ukaguzi wa mwisho kabla ya ndege za Marekani, mabegi ya mkononi hufunguliwa tena. Ofisa alizitoa sindano za kufumia. Ni za plastiki, nilizibadilisha makusudi kutoka zile za chuma. Akazitazama, akalitazama lile sweta dogo lenye mkono mmoja na nusu, akalikunja vizuri kuliko lilivyokuwa, akarudisha kila kitu mahali pake.

Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, 17 Oktoba. Addis – Lomé – Washington

Hapa ndipo swali la Mama lilipopata jibu.

Addis hadi Washington kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya dunia ni kama kilomita 11,560. Ndege za leo zinaumudu umbali huo. Lakini tiketi yetu ilionyesha kwamba kwenda tunatua Lomé, Togo, na kurudi hatutui popote. Nilidhani ni kwa ajili ya abiria tu. Jirani yangu wa ng'ambo ya ujia alikuwa fundi wa ndege anayekwenda likizo, mtu mpole, na alipoona daftari langu akaniomba kalamu achore.

Uwanja wa Addis, akasema, uko juu, kama mita 2,330 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini inakula hewa, bawa linaegemea hewa. Hewa ikiwa nyepesi, vyote viwili vinapungukiwa nguvu, na ndege haiwezi kuruka na uzito wake wote. Watu na mizigo wamo, kwa hiyo kinachopunguzwa ni mafuta. Tena safari ya kuelekea magharibi inakutana na upepo, kwa sababu huko juu, katika latitudo za Ulaya na Marekani, upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mafuta pungufu na upepo wa uso: lazima utue mahali ujaze. Kituo hubadilika kwa siku na misimu. Kuna wakati ilikuwa Dublin.

Nilimtafsiria Mama. Alisikiliza bila kuacha kufuma, kisha akasema, "Kumbe ni lile lori la Kitonga." Nikamtafsiria fundi naye, nikieleza mlima na saruji. Akasema ndivyo hasa, na kwamba wao hawasubiri likwame kwenye kona; wanapunguza shehena kabla ya mlima.

Tuliruka saa 4:30 usiku. Saa 5 na nusu baadaye tulitua Lomé, ambako saa za ukutani zilisoma saa 7 usiku, maana wao wako nyuma yetu saa 3. Ni kama kilomita 4,150 kutoka Addis. Waliokuwa wanaishia pale walishuka, sisi tuliambiwa tubaki kwenye viti. Joto liliingia mlangoni, joto la pwani, na Mama akalegeza kanga kwa mara ya kwanza tangu Iringa.

Akapanda mwanamke wa makamo, amevaa kitenge cha bluu na kilemba, akakaa kiti cha tatu cha mstari wetu, upande wa pili wa Mama. Walisalimiana kwa vichwa. Saa moja baada ya kuruka donge la uzi wa kijani lilikwisha, na Mama akatoa uzi mwingine ambao ulikuwa bado haujaviringwa, umekunjwa kama kamba. Uzi wa namna hiyo unahitaji mikono ya mtu wa pili. Kabla sijanyoosha ya kwangu, yule mwanamke alikwisha inyoosha yake, viganja vimetazamana, upana wa mabega. Mama akautundika uzi juu ya mikono ile, akaanza kuviringa donge. Mwanamke alikuwa anainamisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, uzi unateleza bila kushika. Taa za ndege zilikuwa zimezimwa isipokuwa ile moja juu yao. Ilichukua kama nusu saa. Neno moja hawakusema, na walipomaliza mwanamke akalishika lile donge, akalipima kwa mkono kama nyanya sokoni, akamrudishia.

Baada ya hapo wote wawili walilala. Mimi sikulala. Kioo cha ramani kwenye kiti cha mbele kilionyesha bahari tu, saa baada ya saa, na kasi iliyopungua chini ya kilomita 800 kila upepo ulipozidi.

Kwa mzee kwenye safari ndefu namna hii: mpe kiti cha ujiani, si dirishani. Mnyanyue atembee kila baada ya saa 2, hata kama anasinzia, kwa sababu kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Maji mara kwa mara. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi, na uzipange kwa saa za nyumbani hadi mfike.

Tulitua Dulles saa 3:10 asubuhi. Nyumbani ilikuwa saa 10:10 jioni ya siku hiyohiyo. Kutoka tulipoondoka Dar hadi hapo: saa 22 na dakika 50.

Dulles huwahamisha abiria wa kimataifa kwa magari mapana ajabu, yanayofanana na chumba cha kusubiria kilichowekewa magurudumu. Mama alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba hicho kikisafiri. Uhamiaji nilisimama naye kama mkalimani. Forodhani tulitangaza unga wa ulezi na dagaa. Walifungua, wakanusa, wakaturuhusu. Usifiche chakula, na nyama usibebe kabisa.

Kuhusu kukutana kwao mlangoni sitaandika mengi. Mdogo wangu alipiga magoti sakafuni kumwamkia, watu wakimpita na mabegi yao.

Wiki nne za Silver Spring

Nazipita haraka, ni mambo ya nyumbani. Sweta lilimalizika siku ya tatu na lilimtosha mtoto.

Mawili tu ya kuingia kwenye daftari. La kwanza ni tufe la dunia la mjukuu mkubwa, wa miaka minne, ambaye Mama alikuwa anamwita "mume wangu". Siku moja mtoto alitaka kuonyeshwa bibi ametoka wapi. Mama akachukua kipande cha uzi wa kijani uliobaki, akabana ncha moja kwa dole gumba juu ya Dar, nyingine akaivuta hadi Washington, akaukaza. Uzi ulipita mahali ambapo ramani ya ukutani isingekuonyesha. Kwenye karatasi bapa unatarajia mstari wa mshazari tu. Kwenye tufe uzi uliokazwa ulichagua wenyewe kupanda juu, ukavuka Sahara, ukatokea baharini kaskazini zaidi. Huo ndio mstari mfupi. Rubani hufuata uzi kama huo kadiri upepo, vituo na anga zilizofungwa zinavyomruhusu. Mama akaukata pale vidole vilipoishia. Kisha akapima wa pili, ukipitia Addis na Lomé. Ulizidi kwa upana wa vidole viwili.

Upana wa vidole viwili tu. Nilihesabu baadaye: kwa Addis na Lomé ni kama kilomita 14,500, yaani zaidi ya 1,700 juu ya mstari mfupi, na kituo kimoja cha kujaza mafuta kinakula muda kuliko kilomita hizo zinavyoonyesha, kwa kushuka, kusubiri na kupanda tena.

La pili ni tarehe 3 Novemba. Wamarekani walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka Novemba. Tofauti yetu na nyumbani ikawa saa 8 badala ya 7. Dada yangu wa Iringa alikuwa akipiga simu kila siku saa 2 usiku kwao, saa 7 mchana kwetu. Siku hiyo simu ililia saa 6. Mama alishtuka, akadhani kuna msiba. Atakayekuwa huko Machi au Novemba, saa zinapobadilishwa, awaarifu wa nyumbani mapema.

Jumatano na Alhamisi, 13–14 Novemba. Washington – Addis – Dar

Dulles iko chini, haifiki hata mita 100 kutoka usawa wa bahari. Hewa nzito, barabara ndefu, matangi yamejaa. Tuliruka saa 5 asubuhi, nyumbani saa 1 usiku. Upepo uleule uliotuchelewesha sasa ulikuwa mgongoni. Juu ya Atlantiki nilipiga picha kioo kikisoma kilomita 1,040 kwa saa. Tukavuka Hispania, Mediterania, Misri, kisha ndege ikafuata Bahari ya Shamu, kwani sehemu kubwa ya anga ya Sudan ilikuwa imefungwa kwa ndege za abiria tangu vita vilipoanza Aprili 2023.

Tulitua Addis saa 1:50 asubuhi. Saa 12 na dakika 50, bila kugusa ardhi. Mama hakuwa na sweta la kufuma. Alikuwa anafuma kofia, na ilibaki nusu.

Ndege ya Dar iliondoka saa 4:30, tukatua saa 7:20 mchana. Kutoka Washington hadi Dar: saa 18 na dakika 20. Saa 4 na nusu pungufu ya kwenda, kwa viwanja vilevile viwili na tiketi ileile moja.

Ukikadiria safari yako: chukua kilomita za kila kipande, gawa kwa 850, ongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kutembea ardhini. Halafu jumlisha muda wa kusubiri kila kituo. Ukielekea magharibi katika latitudo za kaskazini, ongeza saa moja hadi mbili kwa kipande kirefu. Na uangalie kwenye tiketi kama namba moja ya safari ina kituo ndani yake. Hakuna kubadilisha ndege, kwa hiyo huwa kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Begi moja halikufika na sisi. Lilikuja kesho yake, limefungwa vizuri. Tulisubiri kwa binamu.

Jumamosi, 16 Novemba. Dar – Iringa

Safari hii tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Daraja la kawaida Sh 13,000, chini ya saa 2, na Mama alinyoosha miguu. Morogoro tukachukua basi. Kitonga kulikuwa kweupe. Nilimtafuta yule mama wa mahindi kwa macho, lakini dereva hakusimama.

Tulifika nyumbani saa 1 usiku. Jirani yetu mzee alikuwa amekaa kwa Mama tangu jioni akisubiri, amewasha jiko. Wakasalimiana muda mrefu, kama wafanyavyo wazee wa huku, hadi habari za mifugo. Kisha jirani akauliza kile ambacho kila mtu ameuliza tangu hapo.

"Na huko kwa mtoto, ni mbali?"

Mama alikuwa anavua viatu. Akaegemea ukuta.

"Kwenda," akasema, "au kurudi?"